Pampu ya boti kwenye pawa saplai ya mezani: CC yawaka, klipu zachemka

mpya_wa_Tudor:
Assalam aleikum mafundi. Nina pawa saplai ya mezani, volti 0–30, ampea 10. Nataka kupimia pampu za boti za volti 12, zilizoandikwa 4A. Nimeweka kikomo 4.5A. Nikiwasha, taa ya CC (ya kuonyesha kikomo cha ampea kimefikiwa) yawaka, volti zaanguka, pampu yatetema tu. Nikipandisha kikomo yazunguka, lakini klipu zachemka. Na ile tundu ya kijani, naiunga wapi?

fundi_Likoni:
Waaleikum salaam. Saplai yako ni nzima. Umeme wa mota iliyosimama huzuiwa na ukinzani wa koili yake tu, ndiyo maana mwanzo huvuta mara kadhaa ya zile 4A. Tumbukiza pampu ndani ya beseni la maji, weka volti 12 kabla ya kuunga chochote, kikomo 10A, kisha washa. Isipoanza kuzunguka ndani ya sekunde mbili, zima: kuna kitu kimekwama kwenye panga za pampu. Ikizunguka na mita ikatulia karibu na 4A, rudisha kikomo hadi 5A.

Klipu ni habari nyingine. Nyaya zinazokuja na saplai huwa nyembamba. Waya wa 0.5 mm², mita moja kwenda na moja kurudi, ni kama 0.07 omu, kwa 10A unapoteza volti 0.7 na wati 7 za joto. Waya wa 2.5 mm² hupoteza volti 0.14 tu. Lakini hapa kwetu pwani adui mkubwa ni chumvi. Klipu ikishaota kutu ya kijani, mguso wake ukifika 0.1 omu, hiyo ni wati 10 mahali padogo kama ukucha, na plastiki yayeyuka. Tupa klipu hizo. Bana vishikio vya duara kwenye ncha za waya, ukaze chini ya skrubu za saplai.

Mvita_saketi:
Naongezea: usichomoe klipu pampu ikizunguka. Koili hutupa volti nyingi kinyume, na cheche unayoiona ndiyo hiyo. Zima kwanza kwa kitufe cha kutoa umeme. Halafu weka dayodi 1N5408 (hupitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na pampu, upande wenye mstari uelekee nyekundu. Ukiigeuza umefunga shoti, kwa hiyo ipime na multimita kwanza.

Tundu ya kijani ni ethi ya bodi ya saplai, imeungana na pini ndefu ya plagi. Kwa pampu iache wazi. Ukiiunganisha na nyeusi, kisha ukashika klipu ya ethi ya osiloskopu (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme) kwenye nyekundu, umefunga shoti kupitia nyaya za ethi za vyombo vyote viwili.

mpya_wa_Tudor:
Shukran sana. Na betri ya boti je, naweza kuichaji kwa hiyohiyo?

fundi_Likoni:
Waweza, ila kuwa mwangalifu zaidi. CC huzuia umeme unaotoka kwenye saplai. Ule unaotoka kwenye betri hauzuii hata kidogo, na betri hutoa mamia ya ampea ikipata shoti. Fyuzi ya 10A iwe karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Weka 13.8V na kikomo 5A, washa, hakikisha chanya kwa chanya, ndipo uunge. Ukimaliza, ondoa betri kwanza halafu uzime saplai, la sivyo betri itarudisha umeme ndani ya saplai iliyozimwa.

Mvita_saketi:
Na iwe mahali penye hewa. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, na cheche ya klipu yatosha kuiwasha.