Dawa ya macho naisikia kooni, ni kawaida hii?

mpiga_soga: Wakuu habari za muda huu. Nimeambiwa nina presha ya macho, nikapewa matone chupa mbili, timolol asubuhi na jioni na latanoprost usiku tu. Sasa kila nikiweka timolol, baada ya muda kidogo nasikia uchungu kooni kabisa, hivi dawa ya jicho inafikaje huko? Afu usiku naziweka zote mbili chapchap maana zinawasha, bora nimalizane nazo. Jingine, siku hizi nikipanda ngazi kifua kinabana, sijui ndo uzee. Mwenye uzoefu anisaidie.

Bi Mkubwa: Mimi natumia hizohizo. Uchungu upo, zoea tu.

jicho_la_tatu: Mkuu, kooni inafika kwa njia halali kabisa. Simama kwenye kioo, vuta kidogo kope la chini upande wa puani, utaona kitundu kidogo kama kimetobolewa na sindano. Cha juu nacho kipo. Hapo ndo machozi yanapoingia yakashuka puani, ndo maana mtu akilia na makamasi yanamtoka. Dawa nayo inafuata mkondo huohuo, na ikifika puani inaingia kwenye damu moja kwa moja bila kupita kwenye ini kwanza. Kwa hiyo ukishaweka tone funga jicho taratibu, usilikaze wala kupepesa, bonyeza kwa kidole ile kona ya ndani dakika 2 hivi. Dawa inabaki jichoni inakotakiwa na kooni inapungua sana. Tone ni moja tu, jicho halina nafasi ya mawili, la pili linaishia shavuni. Na kati ya dawa na dawa subiri angalau dakika 5, ukiziunganisha ya pili inaisafisha ya kwanza.

Kaka Mdogo: Si uache tu hizo, mi nilikuwa na macho mekundu nikatumia dexa iliyobaki nyumbani, siku mbili nyeupeee.

jicho_la_tatu: Hapana jamani! Dexa ni steroidi, wekundu unaondoka kweli ila kwa watu wengine inapandisha presha ya jicho, na ukiitumia muda mrefu inaleta hadi mtoto wa jicho. Huyu presha tayari anayo, unamwongezea. Presha ikikaa juu inaua neva inayopeleka picha kwenye ubongo, na sehemu ikishakufa hairudi, hata miwani haisaidii. Mbaya zaidi haiumi, mtu anapoteza kuona kwa pembeni bila kujua.

dada_wa_famasi: Mbona mmeruka cha maana, hicho kifua. Mleta mada, una pumu? Au moyo wako unapiga polepole?

mpiga_soga: Pumu ninayo tangu utotoni ila ilikuwa imetulia. Kwani inahusiana? Mbona sikuulizwa.

dada_wa_famasi: Inahusiana sana. Timolol ni beta bloka, inapunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, lakini ikiingia kwenye damu inabana njia za hewa na kushusha mapigo ya moyo. Mwenye pumu hapewi. Usiweke tone jingine la timolol, rudi kwa daktari leoleo na chupa zote mbili mkononi, mwambie pumu na kifua, atakubadilishia, dawa zipo nyingi. Latanoprost yenyewe inafungulia maji yatoke, endelea nayo mpaka akwambie vinginevyo. Ila pumzi ikikata usisubiri daktari wa macho, kimbilia dharura.

Bi Mkubwa: Eh, mi nilidhani tone ni tone tu.

mpiga_soga: Nimetoka huko jioni hii, timolol imefutwa, nimebaki na ya usiku halafu nitapimwa tena presha waone kama inatosha au waongeze nyingine. Dokta kaniambia pia hii iliyobaki inarefusha kope na inaweza kuifanya rangi ya jicho iwe nyeusi zaidi. Asanteni sana wakuu, dada wa famasi ubarikiwe.

Bi Mkubwa: Kope ni kweli, mimi wananiuliza nimebandika wapi.