Mrejesho: uzi, jiwe na darasa la nne

Wapendwa, narudi na mrejesho. Niliuliza nifanyeje ili watoto wa darasa la nne wachunguze wenyewe badala ya kunakili ubaoni. Mkanishauri nianze na swali moja, kisha ninyamaze.

Nilitundika mawe mawili kwa uzi, dogo na kubwa, nikauliza: lipi litabembea haraka zaidi? Karibu wote wakasema kubwa. Wakagawanyika wanne wanne, wakahesabu mibembeo 10, mmoja akishika saa. Uzi wa mita 1 ulitoa sekunde 20 hivi, jiwe liwe dogo au kubwa. Hawakuamini, wakarudia mara tatu. Ndipo binti mmoja, ambaye huwa hanyooshi mkono kabisa, akafupisha uzi bila kuambiwa na mtu. Kwa sentimita 25 wakapata sekunde 10. Darasa lilizizima kwa shangwe!

Kunyamaza ndiko kulikoniwia vigumu, jibu lilikuwa limenifika mdomoni. Na uzi upimwe hadi katikati ya jiwe, si kwenye fundo. Kundi moja lilikosea hapo, ubishi wao ukawa somo zuri kuliko nililoandaa.

Asanteni sana. Sasa wanauliza uzi wa mita 4 itakuwaje. Kesho tunautundika mtini.