Vidonge vya betasitosterol na saratani ya titi, nimpe mamangu?

BintiMakupa:
Assalam alaykum waungwana. mamangu ana saratani ya titi, ashafanyiwa upasuaji na sa hivi anameza tamoksifeni kila siku. Jana nimepita Marikiti kununua binzari, muuza dawa moja akanitolea kopo la vidonge vya betasitosterol, akaniambia inapatikana kwa ufuta na karanga na inaua seli za saratani, nikaja nyumbani nikakesha na simu na kweli wameandika inaua. Mama ashachoka na joto la hizo dawa, usiku anabadilisha leso mara tatu kwa jasho, ananambia mwanangu nipe hiyo ya miti. Nimpe?

Baba Swafiya:
Mpe tu dada. Babangu alikuwa na shida ya tezi dume akapewa hiyo hiyo na alhamdulillah mkojo ukafunguka.

Mtu wa Maabara:
Pole sana dadangu. Ulichosoma si uongo, ila kimekatwa katikati. Betasitosterol ni kolesteroli ya mimea, imezidi ya kwetu kaboni 2 tu mkiani, na ukiimwagia seli za saratani kwenye sahani ya maabara inajipenyeza kwa utando wao, inaamsha vimeng'enya vya kaspesi na seli inajiua yenyewe, imeonekana kwa seli za saratani zinazofugwa maabara, za utumbo ziitwazo HT-29 na za titi ziitwazo MDA-MB-231. Lakini mama si sahani. Akimeza, utumbo unapokea chini ya asilimia 5, na hiyo kidogo ini linairudisha kwa nyongo, nyingine yote inaenda chooni.

Na hapa ndo roho yangu inauma. Hizo MDA-MB-231 hazina vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zinazoidaka hiyo homoni ya kike. Kuna seli nyingine za titi, MCF-7, hizo zinavyo, na mwaka 2004 watafiti wa Marekani walizipa betasitosterol zikaongezeka badala ya kufa, ingawa maabara nyingine waliona zinapungua. Sasa mtu akipewa tamoksifeni manake saratani yake ni ile inayolishwa na estrojeni. Mamako yuko upande wa MCF-7, si wa zile zilokufa.

Baba Swafiya, ya mzee ilikuwa uvimbe wa tezi au saratani? Manake Ujerumani walijaribu kwa wanaume 200 wenye uvimbe wa kawaida, ikachapishwa 1995, mkojo ulitoka vizuri lakini tezi yenyewe haikupungua.

Baba Swafiya:
Uvimbe tu, si saratani. Dada nisamehe, nimejibu haraka.

BintiMakupa:
Shukran sana, nilikuwa nishaweka pesa kando. Na ufuta wa kwa chakula je? anapenda kashata za ufuta

Mtu wa Maabara:
Kashata ale, hicho ni chakula. Kopo lipige picha umpelekee daktari wake, na hilo jasho la usiku mwambieni pia, asilivumilie kimya hadi aache dawa.

BintiMakupa:
Kliniki ni Jumatano, ntaenda naye mwenyewe.