Jang-geum anakatwa palepale kila mara! Sisi tunaolipia kifurushi tunachukuliwaje?

Wakuu, salaam kwenu. Nipo Nkuhungu, Dodoma. Nimefungua uzi huu kwa sababu nimechoka kupiga simu huduma kwa wateja na kujibiwa "tunalifanyia kazi". Wanalifanyia kazi gani isiyoisha?

Kuna kituo kimoja cha televisheni, jina nalihifadhi, wanaokiangalia watakijua wenyewe. Kilituletea tamthilia ya kihistoria ya Korea, ile ya Jang-geum, binti yatima anayeingia jikoni kwa mfalme akiwa mtoto. Wakaiingiza sauti za Kiswahili, na kwa hilo niliwapongeza kwa moyo wote. Ilikuwa inaruka saa mbili na nusu usiku, muda ambao watu wameshakula na watoto wametulia. Mtaani kwetu ilishika kweli kweli. Fundi cherehani wa jirani alikuwa anafunga mapema ili aiwahi, na akina mama wasio na king'amuzi walikuwa wanakuja kukaa sebuleni kwetu na karanga zao za kubangua.

Kwa wasioijua: hii tamthilia si ngeni. Ilitengenezwa na kituo cha televisheni cha MBC cha Korea Kusini, ikaonyeshwa kwao kuanzia 2003 hadi 2004, na ina sehemu 54. Mhusika mkuu ameigizwa na Lee Young-ae. Jang-geum mwenyewe ametajwa katika kumbukumbu za Joseon, utawala wa kifalme wa Korea ya zamani, kama tabibu wa kike aliyemhudumia mfalme Jungjong, aliyetawala 1506 hadi 1544. Kumbukumbu zenyewe zimemtaja kwa maneno machache, mengine yote watunzi wameyajenga juu yake. Wameyajenga vizuri mno.

Sasa sikilizeni walichotufanyia. Hadithi ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya jikoni: Jang-geum analelewa na Bibi Han, mpishi mwadilifu, na upande wa pili kuna Bibi Choi na ukoo wake wenye fedha na fitina. Mfalme anaugua baada ya kula bata aliyelishwa salfa, lawama inaangushiwa Bibi Han na Jang-geum, wanaitwa wahaini na kupelekwa uhamishoni kisiwa cha Jeju. Bibi Han anafia njiani, mgongoni kwa Jang-geum. Siku ile sebule nzima ililia, na sisemi kwa kutia chumvi. Nusu ya pili ndiyo yenye majibu: nini kinampata huko Jeju, anajifunza nini, na je, waliomwua Bibi Han wanafikishwa popote.

Kituo kikakata hapo. Hapo hapo! Kesho yake saa mbili na nusu tukakuta mechi. Kesho kutwa, vichekesho vya marudio. Hakuna tangazo, hakuna mstari hata mmoja chini ya skrini wa kusema "samahani watazamaji". Baadaye wakatangaza kwa mbwembwe kwamba Jang-geum anarudi. Watu tukafurahi, tukalipia kifurushi kikubwa maana kwenye kile kidogo kituo hicho walikiondoa. Kumbe wameianza upya sehemu ya kwanza. Tukasema sawa, tutavumilia, safari hii watafika mwisho. Ikafika Jeju, ikakatwa tena. Jang-geum ameshapelekwa uhamishoni mara mbili na kurudi hajarudi.

Na msiniambie eti ni bahati mbaya ya mitambo. Haki za kuonyesha tamthilia hununuliwa kwa mkataba, na mkataba una muda wake. Aliyenunua anajua amenunua sehemu ngapi, anajua ngapi zimeshaingizwa sauti na ngapi bado. Walipoanza kuturushia sehemu ya kwanza walijua kama wana ya 54 au hawana. Kama hawana, waseme mapema kwamba tunawaonyesha nusu tu, mtu aamue mwenyewe kama anatoa hela yake au anaacha.

Kinachoniuma zaidi ni mama yangu. Mama ni mtu wa Kongwa, amekuja kukaa nami kwa ajili ya matibabu ya macho. Maandishi ya chini ya skrini hayaoni, na Kiingereza hajui, kwa hiyo tamthilia za nje kwake zilikuwa picha tu mpaka hii ilipokuja kwa Kiswahili. Kuna kipande nawaomba mkitafute. Jang-geum bado mtoto, Bibi Han anamtuma maji ya kunywa. Analeta, anaambiwa kesho alete tena. Analeta ya moto, ya baridi, anaweka majani juu, bado. Siku anaanza kumwuliza Bibi Han kama tumbo linamuuma, kama koo linawasha, ndipo anapoleta maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na Bibi Han anakubali kwamba huyu mtoto ameelewa upishi. Mama alikuwa anachambua mlenda. Aliacha, akaweka ungo chini, akasema, "Huyo mama amefundwa." Tangu siku hiyo mgonjwa akija nyumbani mama anamhoji kwanza kabla ya kumpa hata kikombe cha chai. Na mimi huku Dodoma nilikozaliwa, ambako maji yamewahi kuwa ya kupanga foleni na madumu tangu alfajiri, kipande kile kilinigusa kuliko vita vyote vya mapanga nilivyowahi kuangalia.

Mimi mwisho wa hadithi naujua, nilishausoma. Nilitaka kumsimulia, akakataa. Anataka kuuona mwenyewe kwa macho yake hayo hayo. Kila jioni bado anauliza, "Leo wameirudisha?" Nimjibu nini?

Tena hata kabla ya kukata walikuwa wanaiharibu. Sauti ya Bibi Choi ilibadilika katikati bila maelezo, akina mama wakadhani ni mtu mwingine ameingia. Kuna wiki walirusha sehemu moja siku mbili mfululizo, halafu wakaruka mbili mbele. Matangazo yanaingia katikati ya sentensi. Muda ukahamishwa kwenda saa tano na nusu usiku, kisha saa tisa alasiri watu wakiwa kazini na mashambani. Mtu mwenye ratiba ya kumwagilia zabibu aache shamba aje kutafuta tamthilia imejificha saa ngapi? Mechi ikihamishwa kwa robo saa wanatangaza siku nzima. Tamthilia ya sehemu 54 inapotea, kimya. Wanaona anayeangalia tamthilia kwa Kiswahili ni mama wa nyumbani asiye na pa kusemea. Huyo mama wa nyumbani ndiye anayemwambia baba anunue kifurushi kipi!

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu, asanteni. Nijibu machache.

Mkuu uliyeniambia "si uende kwenye laibrari ya muvi ukajaziwe flashi". Nimekwenda. Zipo zote 54, kwa Kikorea na maandishi ya Kiingereza. Kwangu mimi inafaa, kwa mama haifai. Na mimi nimelipa ili nionyeshwe kihalali, kwa nini nilipe mara ya pili kichochoroni?

Dada wa Singida uliyependekeza Jumong, tamthilia nyingine ya Korea, nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ile ina sehemu 81, ya 2006 hadi 2007, Song Il-gook kaibeba toka akiwa mwana wa mfalme, mwoga asiyejua kushika upanga, mpaka anaanzisha dola la Goguryeo. Vibanda umiza vilijaa kwa ajili yake. Anayeanza tamthilia za kihistoria aanze hapo, uzuri wake ni kwamba mtu anabadilika mbele ya macho yako taratibu.

Waliotaja ile ya Sultani Suleiman wa Uturuki, Muhteşem Yüzyıl: tamu sana, misimu minne, sehemu 139, ila jiandaeni kwa mambo mawili. Moja, Hürrem, mke wa sultani, anabadilika sura msimu wa mwisho, maana Meryem Uzerli aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. Msidhani ni mke mpya. La pili, sehemu za Kituruki ni ndefu, karibu saa mbili au zaidi, na zikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi. Kwa hiyo namba unayoiona kwenye televisheni haitalingana na ya mtandaoni, na kituo kikikukatia njiani utahangaika kujua ulikuwa umefika wapi. Ertuğrul, nyingine ya Kituruki, nayo ni hivyo hivyo.

Kijana wa Downton Abbey, nimekusikia. Ni nzuri, inaanzia kuzama kwa meli ya Titanic 1912 na inafuata mabwana wa juu na watumishi wa jikoni chini ya paa moja. Lakini ipo kwa Kiingereza, tunarudi palepale.

Na mzee uliyesema tuache ya Wakorea tuangalie ya kwetu. Yako wapi, mzee wangu? Shaka Zulu ya 1986, aliyocheza Henry Cele, ina sehemu kumi na ni ya Afrika Kusini. Hapa tulipo ilipita misafara ya pwani kwenda Unyanyembe, ikilipa hongo kwa watemi wa Ugogo ili ipite na kuchota maji visimani. Singida kuna Liti, mwanamke wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwapiga Wajerumani kwa nyuki, na uwanja wa mpira umepewa jina lake. Siku mtu akitutengenezea hizo kwa sehemu 54 nitakuwa wa kwanza kulipia. Lakini hata hizo, kituo kama hiki kikizipata kitatuachia Liti porini kabla nyuki hawajatoka. Ugomvi wangu si nchi inayotoka tamthilia, ni watu wanaoanza kitu wasichokusudia kukimaliza.

Hatua niliyofikia: utaratibu wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, unataka malalamiko yaanze kwa mtoa huduma mwenyewe. Nimewaandikia, ninayo nakala, hawajajibu chochote cha maana. Wiki hii naipeleka ofisi ya TCRA Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma. Ninachodai ni vitu viwili: tarehe ya kuanza kuonyeshwa sehemu zilizobaki kwa Kiswahili, au tamko la wazi kwamba hawana ili turudishiwe tofauti ya kifurushi tulichopandishiwa.

Kama na wewe umekatiwa, iwe hii au nyingine, andika hapa chini uko mkoa gani, ni tamthilia ipi na iliishia wapi. Nitazichapa zote niziambatanishe kwenye barua.