Nataka kusaidia watu wenye ulemavu iwe ndo kazi yangu ya maisha, nianzie wapi?

Binti_Subira
Habarini wadau. Nina miaka 24, mdogo wangu ana mtindio wa ubongo na mimi ndo nimekuwa nae bega kwa bega toka nipo sekondari, kumlisha, kumgeuza, kumvalisha, kuelewa anachosema wakati wengine wote hawaambulii kitu. Nimegundua hii kazi naipenda kuliko zote ila nikiisema nyumbani naambiwa hiyo sio kazi hiyo ni huruma, tafuta kazi ya ofisini. Je kuna maisha ya kueleweka huku? Lazima digrii? Na mnafanyaje msichoke roho, maana kuna siku jioni sina hata nguvu ya kuongea.

Msaidizi_wa_zamu
Dada karibu sana, mi huu mwaka wa 11. Nilianza kama msaidizi binafsi, unamsaidia mtu kuamka, kuoga, kwenda kazini, kurudi. Digrii sio lazima kuanza ila kuna vitu lazima ufundishwe, usibahatishe kwa sababu tu umelea nyumbani. Kumhamisha mtu toka kitandani kwenda kwenye kitimwendo bila kuumia mgongo na bila kumburuza ngozi. Kumlisha mwenye shida ya kumeza, akae wima, tonge dogo, asilazwe hapohapo akimaliza maana chakula kikipita njia ya hewa ni nimonia hiyo. Mtu akipata degedege usimkandamize wala usimtie kitu mdomoni, mgeuze ubavu, angalia saa, ikifika dakika 5 haijaisha ita msaada wa dharura. Na vidonda vya mgandamizo jamani, hivi ndo vinaniuma roho mpaka leo, mtu asiyehisi miguu akikaa mkao mmoja muda mrefu nyama inakufa chini kwa chini yeye hasikii maumivu, tunafundishwa tuangalie wekundu lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauuoni, inabidi uguse na mkono usikie kama pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni yake. Nimeshaona mtu analala miezi kwa kidonda ambacho kingegundulika siku ya kwanza kingepona kwa kugeuzwa tu.

Ukitaka kusoma zaidi baadae kuna fiziotherapia, tiba kazi (kumsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku), tiba ya usemi, kutengeneza viungo bandia, elimu maalumu, ukalimani wa lugha ya alama. Ila anza na kozi fupi ya uhudumu kwanza.

Tairi_Mbili
Mi naongea kama ninayehudumiwa. Natumia kitimwendo toka nilipoumia uti wa mgongo, nimeshakuwa na wasaidizi sita. Aliyekuwa bora sio mwenye huruma kuliko wote, ni yule aliyekuwa anauliza kwanza. Kuna siku tumeenda ofisi moja karani akamuuliza yeye "huyu anataka nini?", msaidizi wangu hakujibu, akanigeukia mimi akanyamaza mpaka karani akaniuliza mwenyewe. Ile siku nilijisikia mtu. Mwingine alikuwa mpole sana ila anashika kiti anakisukuma tu bila kusema, hebu fikiria mtu akubebe barabarani bila kukuuliza.

Nyumbani waambie hii sio huruma, ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 19, inasema tuishi kwa kujitegemea ndani ya jamii na msaada wa mtu binafsi umetajwa humo humo. Na kazi haiishi, Shirika la Afya Duniani linasema tupo kama bilioni 1.3, mtu 1 kati ya 6.

Halafu mdogo wangu, usichukie nikisema hili. Ukiwa we ndo unamuelewa peke yako, siku haupo nani atamsikia? Tafuta mtaalamu wa tiba ya usemi amtengenezee ubao wa mawasiliano, ule wenye picha anazochagua kuonesha anachotaka.

Mama_TibaKazi
Namuunga mkono hapo juu. Kuhusu kuchoka roho, kinachomaliza watu mara nyingi sio wanaowahudumia, ni kubeba peke yako. Kabla hujakubali kazi uliza zamu ni masaa mangapi, unahudumia watu wangapi, kuna kifaa cha kunyanyulia, ukiumwa nani anashika nafasi yako. Wasipokuwa na jibu kaa mbali. Na hapo nyumbani mfundishe mtu wa pili kumlisha huyo kijana, anza wiki hii.

Binti_Subira
Asanteni, nimesoma nikalia. Sikuwahi kufikiria hiyo ya siku nisipokuwepo. Leo asubuhi badala ya kumchagulia shati nimemshikia mawili mbele yake nikasubiri, imechukua muda mrefu kweli mpaka nikataka kuamua mwenyewe, mwisho akakazia macho la bluu. Mi siku zote namvalisha jeupe. Mama TibaKazi, mikono yake haimtii vizuri, huo ubao ataweza kuutumia kwa macho?

Mama_TibaKazi
Ndio ataweza. Kuna ubao wa plastiki unaoonesha upande wa pili kama kioo cha dirisha, picha zinawekwa kwenye pembe, unakaa mkabala nae unafuata macho yake yanapotua, kama ulivyofanya na mashati. Anza na picha mbili tu, na mtaalamu akimuona muoneshe hilo zoezi la mashati.