WATOTO WA GUKU, NYANYA YETU 🐓 (Krismasi)

Jumatano

Senje (shangazi) Phoebe, 06:12: Hamjambo wote. Krismasi haingoji mtu. Kila nyumba 2,000, tumeni kwa laini yangu kabla ya Ijumaa. Nimepata mama hapa Kondele anayepikia watu: pilau, kuku, chapati mia. Probox italeta mpaka Chavakali. Guku hapiki mwaka huu.

Senje Phoebe, 09:40: Naona tiki za buluu. Mmesoma na mmenyamaza.

Brayo, 09:58: Senje niko kwa matatu, nikishuka nitajibu

Mama Trevor, 10:20: Mulamwa, wifi yangu, chapati za kutoka Kisumu? Zitafika zimekauka kama ngozi ya ngoma.

Senje Phoebe, 10:21: Nani atasukuma? Mwaka jana tulianza saa kumi na moja alfajiri, mimi na bibi ya Ben, wengine mko uani mnapiga TikTok na jogoo.

Brayo, 10:23: Lakini ile video iliangaliwa sana 😂 Jogoo alikufa akiwa staa

Trevor, 10:24: Ameacha wajane saba na mayai

Brayo, 10:24: Harambee ya mazishi ilikuwa ni ugali 🕊️

Senje Phoebe, 10:26: TAFADHALI. Pesa.

Ben, 13:05: Senje, shida yetu ni nauli. Desemba gari za kutoka Nairobi zinapandisha vile zinataka, na tuko watano. Nimetafuta treni ya Kisumu, tarehe 23 imejaa. Mimi nasema tumtumie Guku M-Pesa anunue anachopenda, halafu tumpigie video wakati wa kula.

Senje Phoebe, 13:06: Video inashibisha nani Ben?

Ben, 13:09: Gesi imepanda, unga umepanda, shule inafungua Januari. Sijakataa kuja. Naongea ukweli.

Baba Trevor, 19:47: Mimi sina neno na pilau. Neno langu ni laini ya mtu. Tulishatuma pesa za ng'ombe kwa laini ya mtu, zikiingia tu deni la simu likazimeza. Tarehe 25 tukala maharagwe.

Baba Mdogo, 19:52: Hilo tulimaliza kwa kikao.

Baba Trevor, 19:53: Ulimaliza wewe.

Trevor, 19:55: 🍿

Mama Trevor, 19:55: Trevor toa hiyo kitu.

Senje Phoebe, 20:01: Hiyo ni laini YANGU, haina deni la mtu. Ben 2,000. Mama Trevor 2,000. Brayo umeshashuka kwa matatu ama bado?

Mercy wa nyumbani, 20:34: Niko na Guku jikoni. Nimemsomea yote. Amesema niandike hivi hivi bila kupunguza:

"Sijaambia mtu nimechoka. Zamani chapati ilikuwa ya Krismasi, mtoto alishinda njaa mchana akiingojea. Sasa mnanunua pale stendi kila asubuhi, ndiyo maana safari inawawia ndefu. Pesa zenu za simu napata, asanteni. Jogoo wawili nimewafunga. Firigisi ya Guga, babu yenu, tangu alale, anakula Baba Mdogo, na mwaka huu atakula. Wenye ng'ombe niliwalipa na bonasi yangu ya majani chai. Sikutaka mjue. Mtu asiniletee hiyo maneno tena hapa boma."

Brayo, 21:15: 🙏🏾

Mama Trevor, 21:22: 🙏🏾

Senje Phoebe, 21:40: Sawa, Guku amesema. Basi chapati tutasukuma nyumbani. Lakini pilau ibaki, nilishaacha 3,000 ya kushikilia.

Mama Trevor, 21:44: Sasa tutume pesa ama tuje na unga?

Senje Phoebe, 21:44: Vyote.

Ben, 21:50: Unga kilo ngapi kwa nyumba?

Trevor, 21:51: Na nani anashika jogoo? Nauliza kama kameraman

Alhamisi

Baba Mdogo, 05:30: Nimetuma 5,000 kwa Guku.

Senje Phoebe, 05:34: Kwa Guku tena? Sasa nitaandika wapi kwa orodha? Yule mama wa Kondele anataka jibu leo saa sita.

Baba Trevor, 07:18: Mdogo wangu, utateremka tarehe ngapi? Ukipitia Nakuru niambie, niko na nafasi moja kwa gari.

Senje Phoebe, 07:20: Gari lina nafasi na watu wa Nairobi wanalia nauli??? Ben umeona?

Senje Phoebe, 11:52: Ben.