Kamati ya Pikipiki ya Baba Mdogo

18:02 Dada Mkubwa: Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Leo tulimalize la pikipiki ya Baba Mdogo. Nimeona KLR650, imara, tangi kubwa, imekaa kiume. Kama hakuna pingamizi mpaka saa 2 nalipia.

18:05 Dada Mkubwa: Jamani?

18:31 Dada Mkubwa: Tiki za buluu naziona. Midomo imeshonwa?

18:33 Fundi: Dada, nzuri hiyo ila si ya kuanzia. Cc 652, na ikijazwa mafuta inacheza kwenye kilo 200. Baba Mdogo hajawahi kuachia klachi tangu azaliwe. Somo lake la kwanza litakuwa kuiokota.

18:34 Baba Mkubwa: Hata siti ya mbele ya gari hajawahi kuiachia mtu 😂

18:34 Shemeji: 😂😂

18:35 Dada Mkubwa: Si bora tuchukue kubwa moja kwa moja, akue nayo?

18:35 Baba Mkubwa: Ana miaka 61. Akue aende wapi?

18:37 Dada Mkubwa: Baba Mkubwa, tafadhali. Fundi, usibomoe tu. Taja zako.

18:44 Fundi: Anataka njia za mashambani, pole pole, lami kidogo vumbi jingi. Kwa hiyo cc 200 mpaka 300 inamtosha kabisa. Silinda moja, rimu za spoki, nyepesi. Naona tatu: Yamaha XT250 (kilo 132), Honda CRF300L (142), au Yamaha TW200 ile ya tairi nene (126).

18:45 Dada Mkubwa: CRF nimeiona pichani, imenoga. Hiyo hiyo.

18:47 Fundi: Siti yake ni sentimita 88 kutoka chini.

18:49 Shangazi: Na lile goti? Si la kushoto ndilo bovu? Gia si ziko kushoto?

18:52 Fundi: Umepiga penyewe Shangazi. Gia mguu wa kushoto, na ukisimama kwa kawaida ndio huo unaoushusha, wa kulia unabaki kwenye breki. XT siti ni 81, TW ni 79. Kweli CRF inazama kidogo ukishaikalia, shokapu zake laini, lakini inazama kiasi gani ni uzito wa mtu.

18:53 Baba Mkubwa: Kwa uzito wake itafika chini yenyewe. Tatizo la urefu limekwisha.

18:55 Mama Pacha: Samahani jamani. Helmeti, glovu, buti na kinga ya magoti viko kwenye bajeti au bado?

18:56 Shemeji: Na zile Royal Enfield Himalayan? Rafiki yangu anayo, unakaa utadhani uko sebuleni.

18:59 Fundi: Ya cc 411 siti ni 80, raha kweli. Ila na yenyewe kilo 200 zinakaribia. Ufupi wa siti haupunguzi uzito, Shemeji. Ikianza kulala kwenye changarawe utajua.

19:00 Shemeji: [picha: punda amevaa kofia] Hii je? Haina gia kabisa.

19:00 Baba Mkubwa: Na haihitaji leseni 😂😂

19:02 Mama Pacha: Helmeti jamani…

19:06 Shangazi: Ile pikipiki ya marehemu, DT, ilikuwa nyepesi, hata mimi niliipiga kiki. Ingekuwepo tusingekuwa tunachangishana leo.

19:08 Baba Mkubwa: Hilo tuliongea likaisha.

19:08 Shangazi: Uliongea wewe. Sisi tulisikiliza.

19:09 Baba Mkubwa: Ujumbe huu umefutwa

19:10 Shangazi: Nimeshausoma.

19:11 Dada Mkubwa: Mada ni pikipiki! Inayonunuliwa, si iliyouzwa!

19:40 Bibi: [sauti 0:52]

19:48 Shangazi: Kwa ambao hawafungui sauti, Mama anasema: "Mnamchagulia mtu, mwenyewe hamjamuuliza. Mara ile hamkumuuliza na mimi nilinyamaza. Safari hii sinyamazi. Ataichagua mwenyewe, ailaze chini, aiinue mbele yangu. Ikimshinda kuiinua isiingie hapa uani."

20:13 Baba Mkubwa: Nimesikia, Mama.

20:20 Dada Mkubwa: Sawa Bibi. KLR nimeiacha. Fundi, Jumamosi saa 3 azijaribu XT na TW zote mbili.

20:34 Fundi: Sawa. Mwambieni muuzaji asiziwashe kabla hatujafika, nataka injini baridi. Ukiikuta ina moto tayari, jua kuna mtu amehangaika nayo asubuhi. Nitagonga spoki moja moja, iliyolegea inajisema kwa mlio. Na niangalie kama shokapu za mbele zinavuja.

20:36 Dada Mkubwa: Kwani wewe mwenyewe unaona ipi?

20:41 Fundi: Kwake yeye, XT. Tairi la mbele inchi 21, linapita juu ya mashimo badala ya kutumbukia. Tangi karibu lita 10, la TW ni 7. Na XT za kuanzia 2013 hazina kabureta. TW inayo, na kabureta ikikaa na mafuta ya zamani huziba. Tunamjua, ataiegesha miezi halafu anilaumu haiwaki. Ila kwenye mchanga na kwa mtu mwenye wasiwasi, zile tairi nene zinatuliza moyo. Lami ya mwendo kasi ndiyo hazipendi.

20:42 Shemeji: Punda hana kabureta.

21:47 Baba Mdogo: Ndio nashika simu sasa. Asanteni wote. Mimi haja yangu ni kufika kule mtoni na kurudi kabla giza halijaingia, sina mbio na mtu. Hiyo ya tairi nene ina rangi gani?

21:48 Dada Mkubwa: Baba Mdogo! Jumamosi saa 3 upo?

21:55 Fundi: Dada, nimeangalia, Jumamosi nina injini ya mtu mpaka saa 6.

21:56 Dada Mkubwa: Fundi usinifanyie hivyo.

22:03 Baba Mkubwa: Mimi nitampeleka. Akitaka.

22:04 Shangazi: 👀

22:20 Dada Mkubwa: Saa 3 au saa 6? Baba Mdogo? Muuzaji ananipigia hapa.

22:31 Mama Pacha: Na helmeti?